Je, Wajua? Ndoa Ikifikishwa kwenye Sanduku la Kura

Je, wajua kwamba mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, wa Mwakitolyo mkoani Shinyanga aliyeoa wake wawili kimila ana ndoa zinazokubalika kisheria, lakini angekuwa Mnyarwanda aliyeoa kwao, mke wa pili asingetambuliwa kabisa? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakubali ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Katiba ya Rwanda, iliyopigiwa kura ya maoni Mei 2003, ilitamka katika Ibara ya 26 kwamba ndoa inayotambuliwa ni ile ya kiserikali, ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Sentensi iliyowafungia mlango wapenzi wa jinsia moja iliwafungia pia wenye wake wengi. Anayesema "wananchi waachiwe waamue nani aoe nani" na aanze kwa kuitazama sentensi hiyo.

Je, wajua kwamba Wakenya walishapiga kura iliyogusa ndoa ya jinsia moja? Ilikuwa 4 Agosti 2010. Swali lilikuwa moja: unaikubali Katiba mpya au huikubali? Ndani ya Katiba hiyo kulikuwa na Ibara ya 45(2), inayompa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Waliosema Ndiyo walikuwa zaidi ya milioni 6, kama asilimia 69. Lakini mabishano ya miezi ile yalikuwa juu ya mahakama za Kadhi, utoaji mimba na ardhi. Makanisa mengi yaliwaambia waumini wapige Hapana, na sababu haikuwa kifungu cha ndoa. Kwa hiyo mtu akisema kura ile ilikuwa hukumu ya Wakenya juu ya ndoa, simkubalii. Mpiga kura alipewa gunia zima; hakuna aliyemuuliza habari za kila punje.

Burundi ilikuwa hivyo hivyo, Februari 2005. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, Desemba 2005: Ibara ya 40 inasema kila mtu aoe amtakaye, mradi wawe wa jinsia tofauti. Watu walikuwa wakipigia kura mwisho wa vita.

Je, wajua kwamba Waganda walipiga kura ya maoni Julai 2005, wakarudisha mfumo wa vyama vingi, na mwaka huohuo ndoa ya jinsia moja ikapigwa marufuku kwenye Katiba yao bila wao kuulizwa? Marufuku hiyo ilipitishwa na Bunge.

Tanzania Bara je? Haijawahi kuwa na kura ya namna hii. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa, watu wakaujadili, lakini uamuzi ukabaki kwa Bunge. Zanzibar ilipiga kura ya maoni 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 wakakubali. Kura ya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania, iliyopangwa 30 Aprili 2015, iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Mkazi wa Mwakitolyo akasubiri bure.

Je, wajua kwamba kwa Wakurya wa Tarime mwanamke anaweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake? Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Mwenye nyumba ni mwanamke asiye na mtoto wa kiume wa kurithi boma. Anayeolewa huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba hiyo. Si ndoa ya mapenzi baina yao. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii ya Wanandi katika shauri la mirathi. Mila zetu za ndoa zina vyumba vingi kuliko tunavyokiri jukwaani.

Je, wajua kwamba idadi ya waliojitokeza inaweza kuamua matokeo kabla kura hazijahesabiwa? Croatia mwaka 2013, kama asilimia 38 tu walipiga kura, na ndoa ikafungwa kikatiba kuwa ya mwanamume na mwanamke. Romania mwaka 2018, zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walitaka jambo lilelile, likaanguka: walijitokeza asilimia 21, na sheria ilidai 30. Wengi wa waliopinga walikaa nyumbani makusudi.

Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha ndoa ya jinsia moja kwa kura ya wananchi wote, 22 Mei 2015, kwa asilimia 62. Huko kila badiliko la Katiba lazima lipigiwe kura. Slovenia ilikataa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 Mahakama yake ya Katiba ikasema kuwanyima ndoa wapenzi wa jinsia moja ni ubaguzi. Afrika Kusini haikupiga kura yoyote ya maoni: mahakama iliamua 2005, Bunge likatunga sheria 2006.

Je, wajua kwamba Tanzania mapenzi ya wanaume kwa wanaume yana adhabu ya hadi kifungo cha maisha? Basi kura ikiitishwa, upande mmoja utapanda jukwaani na mwingine utaogopa hata kutaja jina lake. Kura ya namna hiyo siiti ya haki.

Na hili liko nyumbani kabisa. Sheria ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Utafiti wa afya wa 2010 uliukuta mkoa wa Shinyanga ukiongoza nchini: wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Kura ya Tanzania inaanzia miaka 18. Tungeitisha kura juu ya jambo hili, baba anayesubiri ng'ombe wa mahari angepiga, na binti anayesubiriwa asingepiga. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu, nayo 8 Julai 2016 ikasema vifungu vinavyoruhusu ndoa hizo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 23 Oktoba 2019, na miaka ikaendelea kupita bila Bunge kuvibadili.