Kazi Iliyofuata Watu: Safari ya Kutoka Albuquerque hadi Seattle

Kiwanda cha saruji hujengwa penye mawe ya chokaa. Kiwanda cha chuma hutafuta mahali ambapo makaa na madini huweza kukutanishwa kwa gharama ndogo, na kiwanda cha kutia samaki makoponi hujengwa karibu na maji. Kila mwanafunzi wa jiografia hujifunza kanuni hii mapema: kazi hufuata mali ghafi, nishati na njia za uchukuzi. Katika miaka ya 1970, hata hivyo, ilizuka kazi ya namna mpya, ambayo mali ghafi yake yote ilikuwa maarifa ya watu walioifanya. Ni jambo gani basi lililoamua mahali pa kazi hiyo?

Jibu laonekana vyema katika safari ya kikundi kidogo cha watunga programu za kompyuta nchini Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1978 watu hao walifunga virago vyao katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, wakahamia Bellevue, ng'ambo ya ziwa mkabala na jiji la Seattle, katika jimbo la Washington. Kampuni yao iliitwa Microsoft, na wafanyakazi wake hawakufika 15.

Kompyuta iliyowavuta

Jalada la gazeti la Popular Electronics, toleo la Januari 1975, lilikuwa na picha ya kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800. Mtengenezaji wake alikuwa kampuni ya MITS ya Albuquerque, iliyoongozwa na mhandisi Ed Roberts. Kwa bei ya chini ya dola 400, mnunuzi aliletewa vipande vyake kwa posta na kuviunganisha mwenyewe. Kompyuta hiyo ilitumia prosesa ya Intel 8080, na kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256 tu. Baiti moja ni nafasi inayotosha kuhifadhi herufi moja. Kwa hiyo kumbukumbu hiyo ingejazwa na sentensi mbili tatu za makala hii. Haikuwa na vibonye vya kupigia herufi wala kioo cha kuonyeshea majibu. Aliyetaka kuiamrisha alipandisha na kushusha swichi, kisha akasoma matokeo kwa kutazama taa ndogo zilizowaka na kuzimika.

Paul Allen, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Honeywell mjini Boston, na Bill Gates, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard mwenye umri wa miaka 19, walitambua kwamba chombo hicho hakingewafaa watu wengi pasipo lugha nyepesi ya kukiamrisha. Lugha waliyoichagua ni BASIC, iliyobuniwa katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1964 ili wanafunzi wasio wataalamu nao waweze kutumia kompyuta. Prosesa haiielewi BASIC moja kwa moja. Huhitaji programu iliyo kama mkalimani, ambayo husoma kila amri na kuigeuza kuwa hatua ndogo ndogo ambazo prosesa yaweza kuzitekeleza.

Tatizo lilikuwa kwamba vijana hao hawakuwa na Altair hata moja. Walichokuwa nacho ni kompyuta kubwa ya aina ya PDP-10 iliyokuwapo Harvard. Allen alitunga programu iliyoifanya PDP-10 iigize mwenendo wa prosesa ya 8080, akifuata maelezo ya mtengenezaji yaliyochapishwa. Juu ya kompyuta hiyo ya kuigiza, Gates alitunga sehemu kubwa ya mkalimani wa BASIC, na mwanafunzi mwenzake, Monte Davidoff, akatunga sehemu ya kukokotoa namba zenye desimali. Hatimaye Allen alipanda ndege kwenda Albuquerque akiwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Programu ambayo haikuwahi kuonana na Altair halisi ilipakiwa katika Altair iliyoongezewa kumbukumbu, ikaulizwa jumla ya 2 na 2, nayo ikajibu 4.

Mzigo mwepesi kuliko yote

Mkalimani huyo alitoshea katika kumbukumbu ya baiti 4,096, na nafasi kidogo ikabaki kwa ajili ya programu ya mtumiaji. Ukihesabu kila herufi na kila nafasi iliyo wazi kuwa baiti moja, kazi yote hiyo haifiki nusu ya makala haya. Teletaipu ya aina ya ASR-33, iliyotumika sana wakati ule, ilisoma herufi 10 kwa sekunde. Basi utepe wa baiti 4,096 ulihitaji dakika 7 hivi kusomwa wote.

Hapa ndipo tofauti kati ya viwanda viwili hivi inapodhihirika. MITS ilihitaji jengo, maghala, vyuma na mikono ya mafundi wengi. Zao la Microsoft liliweza kukunjwa na kutiwa mkobani. Tena liliweza kunakiliwa mara elfu bila ya kupungua, jambo ambalo punde liliwaletea waandishi wake hasara: mwezi wa Februari 1976 Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao walitumia BASIC pasipo kuilipia.

Allen na Gates waliihamishia kazi yao Albuquerque mwaka 1975 kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mteja wao mkuu alikuwa huko. Mkataba uliipa MITS haki ya pekee ya kuwauzia wengine BASIC hiyo. Mwaka 1977 MITS ilinunuliwa na kampuni ya Pertec, ukazuka mgogoro juu ya haki hiyo, na shauri likapelekwa kwa msuluhishi. Microsoft ilishinda. Tangu hapo iliweza kuwauzia watengenezaji wote, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo Commodore, Apple na Radio Shack, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Albuquerque. Mwaka 1978 mauzo yake yalivuka dola milioni moja. Ed Roberts naye aliiacha biashara ya kompyuta, akaenda Georgia, akasomea utabibu na kuwa daktari. Kamba iliyowafunga watunga programu hao na mji ule ilikuwa imekatika.

Kwa nini Seattle?

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Albuquerque ulikuwa mji usio na wataalamu. Ulikuwa na Chuo Kikuu cha New Mexico pamoja na maabara kubwa ya taifa ya Sandia, yenye wanasayansi wengi. Lakini watunga programu wa namna iliyotakiwa walikuwa wachache, na waliokuwa miji mingine hawakuwa wepesi kushawishika kuhamia huko. Kampuni ambayo mali yake yote ni watu haiwezi kukua ikishindwa kuwapata watu.

Njia iliyokuwa dhahiri ilikuwa kwenda California, katika bonde lililopewa jina la madini ya silikoni, ambako kampuni nyingi za elektroniki zilikuwa zimekusanyika. Huko wataalamu walikuwa wengi, lakini pia walihama kampuni moja kwenda nyingine kwa urahisi, na kampuni changa ingeweza kuwapoteza upesi kama ilivyowapata. Seattle palikuwa nyumbani kwa Allen na Gates. Jamaa zao walikuwa huko, na huko kulikuwa na Chuo Kikuu cha Washington.

Kwa upande wa uchumi, Seattle haukuwa mji wa kutamanika sana. Kampuni ya ndege ya Boeing, iliyokuwa nguzo ya mji huo, ilikuwa imepunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 watu wawili walikodi ubao wa matangazo karibu na uwanja wa ndege, wakamwomba kwa kejeli mtu wa mwisho atakayeuhama mji azime taa.

Njiani

Tarehe 7 Desemba 1978, kabla ya kutawanyika, wafanyakazi 11 walipigwa picha ya pamoja. Mmoja wao, Bob Greenberg, alikuwa ameshinda picha hiyo ya bure katika shindano la redio. Miriam Lubow, aliyesimamia shughuli za ofisi, hakuwamo kwa sababu ya theluji iliyoanguka siku hiyo. Baadaye naye alihamia kaskazini.

Kutoka Albuquerque hadi Seattle kwa barabara ni takriban kilometa 2,300. Mji wa kwanza uko katika nchi kavu, kwenye kimo cha meta 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Rio Grande. Wa pili uko ufukweni, penye mvua na misitu. Njia fupi hupita Utah, Idaho na Oregon, kisha huvuka milima ya Cascade. Wakati huo sheria ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1974 kwa sababu ya uhaba wa mafuta, ilikataza magari kwenda zaidi ya kilometa 88 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ilihitaji saa 26 za kuendesha gari pasipo kupumzika, na katika majira ya baridi ilihitaji zaidi.

Yafaa kutazama kile walichokiacha nyuma. Kompyuta kubwa waliyoitumia kutungia programu zao, PDP-10, ilikuwa mali ya shule za umma za Albuquerque, nao walikuwa wakiinunua nafasi ya kuitumia. Waliiacha mahali pake. Walipofika Bellevue walipanga ofisi katika ghorofa ya nane ya jengo la benki, na wakanunua kompyuta yao wenyewe. Januari 1979 kazi iliendelea, kwa maana mashine yaweza kununuliwa popote, na waliojua kuitumia walikuwa wamekwisha kuwasili.

Yaliyofuata

Mwaka 1980 kampuni ya IBM iliiendea Microsoft ikitafuta programu za kompyuta yake mpya ndogo. Ilihitajika programu ya msingi ya kuendesha kompyuta hiyo, na Microsoft haikuwa nayo. Ilipatikana jirani: Tim Paterson, aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa ameitunga katika kampuni ndogo ya Seattle Computer Products. Microsoft ilipata haki za programu hiyo, ikairekebisha, na kompyuta ya IBM ikatangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Laiti kikundi kile kingebaki Albuquerque, jirani huyo angekuwa umbali wa kilometa 2,300.

Mwaka 1986 Microsoft ilihamia Redmond, karibu na Bellevue, na hapo ndipo makao yake makuu yalipo hata leo. Mwaka 1994 Jeff Bezos, aliyetoka New York, alisafiri kwa gari kutoka Texas hadi eneo hilo hilo ili kuanzisha Amazon, na moja ya sababu zake ilikuwa wingi wa wataalamu wa kompyuta. Mchumi Enrico Moretti wa Chuo Kikuu cha California, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2012, aliilinganisha miji hii miwili, akakadiria kwamba kila kazi moja ya teknolojia ya juu huzaa kazi nyingine tano katika mji wake: za walimu, madereva, maseremala, wauguzi na kadhalika. Kwa hiyo mji hupoteza zaidi ya wale wanaoonekana wakiondoka.

Mashine shuleni

Allen na Gates walisoma shule moja mjini Seattle, iitwayo Lakeside. Mwaka 1968 akina mama wa wanafunzi waliuza vitu vilivyokwisha kutumika, na fedha zilizopatikana zikailetea shule teletaipu iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya mbali. Baadaye kampuni moja ya mjini iliwaruhusu wanafunzi kadhaa kuitumia PDP-10 yake bila malipo, kwa sharti kwamba wagundue kasoro zilizomo katika programu zake. Yaani walipofika Harvard na kuhitaji kuifanya PDP-10 iigize kompyuta nyingine, mashine ile hawakuwa wageni nayo.

Lakeside ilikuwa shule ya kulipia, na wazazi wake wengi walikuwa na uwezo. Vijana wengi wa rika lile, katika mji ule ule, hawakupata nafasi ya kugusa kompyuta. Haiwezekani kujua ni wangapi miongoni mwao wangefanya kazi iliyo bora kuliko hii, kwa sababu kipaji ambacho hakikupata chombo cha kujaribia hakiachi alama ya kuhesabiwa. Mji ukipanga kuvuta viwanda kwa barabara na umeme, na ukasahau kuwapa wanafunzi wake saa za kutosha maabarani, utakuwa umetayarisha nusu tu ya mahali pa kazi.

Maswali ya mjadala darasani

1. Taja kazi tatu katika wilaya yako zinazofuata mali ghafi, na kazi tatu zinazofuata watu wenye ujuzi. Ni zipi zingeweza kuhama kwa mwaka mmoja?

2. Hesabu herufi na nafasi zilizo wazi katika ukurasa mmoja wa daftari lako. Kurasa ngapi zingejaza baiti 4,096?

3. Kama shule yako ingekuwa na kompyuta moja kwa wanafunzi 400, mngeigawanyaje nafasi ya kuitumia ili mwenye ari asizuiwe, na asiyeijua asiachwe nyuma?