Tulipomwacha Mtoto Tukaenda Kupiga Mbizi

Tuliporudi kutoka pwani ya Kenya, majirani zetu katika kambi ya polisi hawakuniuliza kama bahari ni nzuri. Waliniuliza, "Mama, mtoto ulimwacha na nani?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu, lakini sharti nianze na mume wangu.

Yeye ni askari wa kikosi cha majini katika Ziwa Viktoria. Mashua ya abiria inapopinduka, yeye na wenzake hushuka kuwatafuta waliozama. Chini ya maji hayo mara nyingi ni matope na giza, na mpiga mbizi hupapasa kwa mikono. Anachokipata ni maiti ya mtoto wa watu. Tangu anioe sijamsikia akiisifu kazi hiyo, wala akiilalamikia. Basi alipopewa likizo akaniambia, "Mama Mtoto, nataka nishuke mara moja katika maji ambayo naweza kuona ndani yake." Ningemkataliaje?

Tulichagua Shimoni, kusini ya Mombasa, mkabala wa kisiwa cha Wasini. Huko iko hifadhi ya bahari ya Kisite, ambamo uvuvi umepigwa marufuku. Tena Mganda huweza kuvuka mpaka wa Kenya kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Mtoto wetu alikuwa na umri wa miezi 15, amekwisha kuachishwa ziwa. Tulimwacha Kampala kwa dada yangu, mama yake mkubwa. Pamoja na nguo na unga wa uji, nilimwachia dada kadi ya kliniki, bahasha ya fedha, na barua yenye sahihi zetu sote wawili, kumruhusu aamue lolote juu ya matibabu bila kutungoja. Barua hiyo ilikuwa shauri la mume wangu. Mimi niliiona ya kiaskari mno.

Mume wangu ana cheti cha mbizi, mimi sina. Asiye na cheti huruhusiwa kushuka akiongozwa na mwalimu, bila kupita mita 12. Kabla ya yote nilijaza karatasi ya afya, na swali mojawapo lilikuwa kama nina mimba, maana mjamzito hashauriwi kupiga mbizi kabisa. Kisha mwalimu akanipa amri moja, akanirudisha kuikariri kama mtoto wa darasa la kwanza: usizuie pumzi kamwe. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mtu akivuta hewa ya mtungi kule chini, kisha akapanda amefunga pumzi, hewa ile hutanuka na kuyapasua mapafu.

Niliogopa, sifichi. Lakini tulipofika kwenye matumbawe nilimwona kasa akila majani, hana habari nasi, na juu yake kundi la samaki wa manjano likigeuka pamoja kama gwaride. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ametulia tuli majini, mikono ameikunja kifuani, hapapasi kitu. Sijuti kuiona picha ile.

Siku ya mwisho tulishuka mara mbili, tukatoka majini saa tisa na nusu alasiri. Saa mbili usiku simu ikalia: mtoto ana homa kali.

Nilianza kufunga mizigo pale pale. Nilisema tutafute gari hadi Mombasa, tudandie basi la usiku. Mume wangu akasema, "Hatuondoki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi." Nikamwuliza yeye ni baba wa namna gani. Hakunijibu kwa hasira, alinikalisha akanieleza.

Mpiga mbizi anapovuta hewa chini ya maji, naitrojeni iliyomo huyeyuka katika damu na nyama za mwili, nayo hutoka polepole. Akienda haraka mahali palipoinuka, ambako hewa ni nyepesi, huweza kutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Jambo hili lilipimwa na Mskoti John Scott Haldane kwa kutumia mbuzi, na majedwali yake ya kuwaongoza wapiga mbizi yalichapishwa mwaka 1908. Siku hizi aliyepiga mbizi zaidi ya mara moja hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Nikasema sisi hatupandi ndege. Akaniambia basi nalo hupanda: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mbele yake, Timboroa, barabara hupita mita 2,500. "Ukipooza njiani," akasema, "mtoto atalelewa na nani?"

Hatukulala. Kule Kampala, dada alipoulizwa mama wa mtoto yuko wapi, alitoa ile barua. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria. Akapewa dawa mseto kwa kadiri ya uzito wake. Dozi ya kwanza aliitapika mara moja, akapewa nyingine. Saa kumi alfajiri dada akapiga simu: homa imeshuka, amekunywa uji kidogo.

Kosa letu halikuwa kumwacha mtoto. Alikuwa mikononi mwa mama yake mkubwa, na mikono hiyo ilitosha. Kosa letu lilikuwa kushuka sote wawili siku ile ya mwisho. Tukienda tena tutapokezana zamu, ili mmoja wetu abaki mkavu, awezaye kuondoka saa ile ile anapoitwa. Mume wangu anajua zamu za lindo tangu alipoingia mafunzoni. Ajabu ni kwamba wazo hilo halikumjia likizoni.

Tulipofika nyumbani kwa dada, mtoto alikuwa mgongoni mwake. Alinitazama kama mgeni, akaficha uso. Kwa baba yake alikwenda, akaishika saa yake ya mkononi. Mimi nilikaa mkekani nikangoja. Alikuja kwangu jioni ya siku ya pili.