Mwaka Mmoja Granada: Kijana Wetu na Lugha ya Kihispania

Kila mwaka, Septemba inapokaribia, huwapo vijana wa majumba yetu hapa Uingereza wanaofunga mizigo kwenda Hispania, kwani vyuo vikuu vinavyofundisha lugha huwataka wanafunzi wakakae kwa wenye lugha yao. Tangu 2021 safari hiyo imeongezewa taabu ya viza: mwenye pasipoti ya Kiingereza anayetaka kukaa zaidi ya siku 90 sharti aombe ruhusa ya mwanafunzi. Lakini hofu ya wazazi si viza. Wao huuliza atakula nini, ataswali wapi, na je, atarudi akiwa yule yule? Tumezungumza na binti wa jamaa yetu mmoja, mwenye asili ya Mombasa, aliyerejea kutoka Granada, na tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji aliyoyapitia.

Chuo Kikuu cha Granada kiliasisiwa 1531. Wasomaji wetu wengi huujua mji huo kwa habari nyingine, kwamba ndio uliokuwa makao ya dola ya mwisho ya Waislamu katika Andalus, hata ukasalimishwa Januari 1492. Binti huyu alifika akidhani Kihispania chake cha shuleni kingemtosha. Wapi! Watu wa Andalucía husema mbio, na herufi s za mwisho wa maneno huzimeza. Bibi aliyempangisha chumba alimwuliza jambo mara tatu, naye akatikisa kichwa tu. Kwa wiki za mwanzo alinunua kila kitu katika maduka makubwa ya kujichukulia mwenyewe, ili asilazimike kufungua kinywa.

Kilichomfungua kinywa ni tumbo. Granada wana ada yao: aagizaye kinywaji mkahawani huletewa na kisahani cha chakula bila ya malipo, na mara nyingi kisahani hicho huwa na nyama ya nguruwe. Dengu hupikwa kwa soseji ya nguruwe. Vile vitamutamu vya Desemba viitwavyo mantecados hukandwa kwa mafuta yake. Tena wapo watumishi wa mikahawa ambao ukiwauliza kama chakula kina nyama hujibu hakina, kwa kuwa vipande vya jamón wao hawavihesabu kuwa nyama. Hapo kunyamaza hakuwezekani. Sentensi yake ya kwanza iliyomtoka bila ya kuitafsiri kichwani ilikuwa "¿Lleva cerdo?", yaani, kina nguruwe? Dini aliyoogopewa kuipoteza ndiyo iliyomsemesha.

Soko la San Agustín, karibu na kanisa kuu, lilimfundisha zaidi. Huko watu hawajipangi mstari. Mtu akifika huuliza kwa sauti "¿Quién es el último?", nani wa mwisho, kisha hushika uso wa aliyejibu na kungoja zamu yake. Asiyeuliza atasimama hapo mpaka samaki waishe.

Alipokwisha kuthubutu, aligundua kuwa Kiswahili kilikuwa kimemwekea akiba. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu. Mkazo, katika maneno mengi, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tusemavyo sisi. Ile z ya Hispania ni th ya "themanini", j yao ni kh ya "kheri", ñ ni ny ya "nyanya". Wenzake Waingereza walitokwa jasho kwa kh hiyo. Na mtu aliyezaliwa na ngeli hashangai kuona sifa ikifuata jina lake: las sillas rojas, viti vyekundu. Maneno nayo yana ujamaa. Azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, na hasta ni hata, yote kutoka Kiarabu. Alcalde, ambaye leo ni meya, asili yake ni kadhi. Mesa na bandera sisi tulizipata kwa Wareno.

Swala ya Ijumaa aliiswali katika msikiti wa mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa 2003 ukiielekea Alhambra. Huko alikutana na akina mama Waislamu wa Kihispania, na kwa kuwa mazungumzo yao yalihusu mambo aliyoyajua tangu utotoni, maneno asiyoyafahamu aliyabahatisha akapata. Sisi twaona mlango huo ni bora kuliko darasa.

Ama yule bibi mwenye nyumba, kwake tumepata jambo la kufikiri. Binti akikosea, akisema "la problema" badala ya "el problema", bibi hakucheka wala hakumkatiza. Alilirudia neno kwa usahihi ndani ya jibu lake mwenyewe, na maneno yakaendelea. Katika baadhi ya majumba yetu mtoto akisema "kitabu yangu", meza nzima huangua kicheko, na tangu siku hiyo humjibu nyanya yake kwa Kiingereza. Binti huyu naye alikuwa hivyo. Miaka mingi alikielewa Kiswahili chote asikitamke, na mamake akidhani ni kiburi.

Ramadhani ilipoingia, bibi yule, ambaye kwa desturi ya kwao hula chakula cha usiku saa tatu au nne, alianza kuandaa meza Magharibi ili mgeni wake asifuturu peke yake. Hapo palihitaji maelezo, nayo yalitolewa kwa Kihispania chenye makosa: kwa nini tende, kwa nini hata maji hayanywewi, na mwezi huandama vipi.

Sasa amerudi, na kila Jumapili humpigia simu bibi wa Granada. Akimaliza, hupiga Mombasa kwa nyanya yake, na husema naye kwa Kiswahili. Ngeli zikienda kombo nyanya huzirudia sawasawa, kisha huuliza kama huko kuna baridi.