Joto Linavyosafisha Hewa Chafu ya Viwandani

Harufu kali inayowafikia majirani wa viwanda vya rangi na uchapishaji hutokana na mvuke wa viyeyusho, ambao huweza kudhuru mapafu na mishipa ya fahamu. Chujio la vumbi haliuzuii, kwa kuwa ni gesi. Njia mojawapo ya kuuondoa ni kuuchoma: ndani ya chumba chenye joto la takribani nyuzi 800 za Selsiasi, kwa muda unaokaribia sekunde moja, mvuke huo hugeuka kaboni dioksidi na maji.

Kikwazo ni gharama ya nishati, na hapo ndipo matofali ya kauri yanapohitajika. Hewa iliyosafishwa huyaachia joto lake inapotoka. Baada ya dakika chache mkondo hugeuzwa, na hewa chafu inayoingia hulichukua joto hilo hilo. Mitambo bora hurejesha hadi asilimia 95 ya joto.

Hata hivyo, mtambo huu si tiba ya kila moshi. Vumbi huziba kauri, hivyo sharti lichujwe kwanza. Viyeyusho vyenye klorini vikiungua huzaa gesi yenye asidi, inayopaswa kuondolewa kwa maji au magadi kabla hewa haijatolewa nje.

Nchini Tanzania, viwango vya ubora wa hewa vimewekwa na kanuni za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.