Kaburi la Babu Katika Nchi ya Wagusii

Sisi watu wa pwani maiti wetu halazwi ndani ikiwa yawezekana kumzika. Akifa alfajiri, adhuhuri keshakoshwa na kuvishwa sanda, na alasiri watu wanarudi kunawa udongo. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa chuoni, nami nilidhani ni jambo lisilotaka maelezo. Nyamira nilikutana na mzee aliyekuwa na kinyongo nalo kwa zaidi ya miaka sitini.

Nilikwenda kutafuta kaburi. Ndugu mdogo wa babu yangu alipanda gari la moshi hadi Kisumu zama za Mwingereza, akaingia Kisii na majora ya nguo, asirudi tena Mombasa. Mji ule ulianza kama boma la serikali mnamo 1907, na miongoni mwa Waislamu wake wa mwanzo walikuwamo askari wa Kinubi na wachuuzi wa Kiswahili, watu wasiokuwa na ukoo wala shamba pale. Walichohitaji mapema ni mahali pa kusali na mahali pa kuzikana.

Wagusii nao walipata kuwa wageni wa milima ile. Wazee wao husimulia walivyotoka tambarare za Kano, karibu na ziwa, wakasukumwa na vita hata wakapanda juu. Aliyefyeka msitu akajenga, alizikwa papo hapo ubavuni mwa nyumba yake, mwanamume upande wa kulia, mwanamke upande wa kushoto. (Nasi humlaza wetu kwa ubavu wa kulia, aelekee kibla, kulia kwapendwa kila mahali.) Kaburi likawa hati ya ardhi kabla serikali haijaleta karatasi. Leo mashamba yamegawanywa hata yakawa vipande vyembamba vya migomba na chai, lakini makaburi yangali uani, na Mgusii afiaye Mombasa husafirishwa mamia ya maili arudishwe kwao.

Kwa watu kama hao, fikiri uchungu wa habari ya Otenyo. Mnamo Januari 1908 alimchoma mkuki Northcote, bwana wa serikali pale bomani. Northcote akapona, Otenyo akauawa. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na madai ya kukirejesha hayajanyamaza. Mtu azikwe nusu!

Liko jambo jingine lililonigusa. Kwa desturi yao, mke akifa kabla mumewe hajamtolea ng'ombe, wazazi wake huweza kuzuia maziko mpaka mali itolewe. Mgeni huona ni tamaa. Lakini nasi mahari yasiyolipwa ni deni, na deni la maiti halichezewi. Tofauti ni kwamba wao huliuliza kaburini, wakati ambapo mume hawezi kukimbia.

Babu yangu alioa huko, binti wa Kigusii wa upande wa Nyamira, akasilimu. Mwaka 1958 babu akafariki asubuhi, akazikwa alasiri katika makaburi ya Waislamu ya Kisii. Mjumbe alifika kwa wakwe usiku.

"Tulitembea usiku kucha na ng'ombe," aliniambia yule mzee, mtoto wa kaka yake bibi, ambaye siku hiyo alikuwa mvulana wa miaka kumi. "Tukakuta udongo tu. Baba akauliza, mmemficha kwa nini? Alikuwa mwizi?"

Nikamweleza sunna ya kuharakisha. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema shangazi yake alimweleza vivyo hivyo, na baba yake hakuridhika mpaka alipokufa. Kwake yeye, mkwe asiyetazamwa uso na kukalishiwa usiku alikuwa ametupwa.

Kesho yake tulishuka pamoja Kisii. Makaburini hapakuwa na wa kunionyesha. Mashahidi ya miti yalikuwa yameoza zamani, na kwetu kaburi lisilojengewa si aibu. Yule mzee hakuuliza mtu. Alihesabu hatua kutoka pembeni, akasimama penye kisiki. Baba yake, alisema, alirudi baadaye na kijiti cha omotembe akakichomeka upande wa kichwa, kwa kuwa mti huo hushika ukichomekwa. Ulikua, ukatoa maua mekundu miaka mingi, kisha ukakatwa.

"Kichwa hapa. Miguu kule."

Nikapiga magoti nikasoma Yasini. Mzee alivua kofia akangoja. Nilipomaliza akaniuliza, bila ukali:

"Mwanangu, sasa nieleze. Mlikuwa na haraka ya siku moja. Hii miaka mingine yote mlikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulitafuta maji tukanawa mikono, kisha nikamsindikiza hadi kituo cha matatu za Nyamira. Njiani alinionyesha walipomfungia yule ng'ombe.