Redio za mkononi: Makundi mengi, mtambo mmoja

Je, msomaji, umewahi kumwona askari wa lango la duka kubwa jijini akizungumza kwa redio yake ya mkononi? Dakika hiyo hiyo fundi wa lifti anamwita mwenzake kwa redio kama hiyo, na msimamizi wa maegesho anawaongoza vijana wake. Hata hivyo, askari hasikii habari za lifti, wala fundi hasikii habari za magari. Ajabu ni kwamba huenda sauti zao zote zinapitia mtambo mmoja.

Mtambo huo huitwa ripita. Redio ya mkononi ina nguvu kidogo, na kuta za zege huyadhoofisha mawimbi yake. Ripita, ambayo antena yake huwekwa juu ya paa au mlimani, huyapokea kwa masafa fulani na papo hapo kuyarusha upya kwa masafa mengine, yakiwa na nguvu zaidi.

Taabu ya zamani

Masafa ni kama ardhi: watumiaji huongezeka lakini yenyewe hayaongezeki. Hapa Kenya hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na anayeyataka hana budi kupata leseni. Ndiyo sababu makundi hugawana chaneli moja.

Katika redio za analogi, kila kundi hupewa mlio wa chini usiosikika, ambao huifungua spika za kundi hilo pekee. Lakini usidanganyike! Mlio huo huwaziba wengine masikio tu. Njia hubaki moja. Fundi anapozungumza, askari hasikii kitu. Asipotazama taa ya redio yake, atadhani njia i wazi, abonyeze kitufe, na sauti zigongane. Pengine anayeomba msaada ndiye hatasikika.

Kupokezana zamu

Redio za dijitali zina dawa ya tatizo hilo. Chukua mtindo wa DMR, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka wa 2005 na ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya. Chaneli yenye upana wa kilohezi 12.5 hugawanywa kwa zamu mbili, kila moja ikichukua sehemu 30 kati ya 1,000 za sekunde. Zamu ya kwanza ni ya askari, ya pili ya mafundi, kisha askari tena, na kuendelea.

Mbona basi maneno hayakatiki? Ni kwa sababu redio huigeuza sauti kuwa tarakimu na kuibana, hata maneno ya sehemu 60 yakaingia katika zamu ya sehemu 30. Redio ya msikilizaji huyakunjua tena. Ripita ndiyo inayopiga mdundo ambao redio zote huufuata. Isitoshe, kwa kuwa redio ya msemaji hurusha mawimbi nusu tu ya muda, betri yake hudumu zaidi.

Kila wito hubeba namba ya kundi lake, na redio isiyo ya kundi hilo hunyamaza. Kwa njia hiyo makundi mengi huweza kutumia zamu moja. Lakini kumbuka, msomaji: zamu mbili ni mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Kundi la tatu husubiri, na redio iliyopangwa vyema hukataa kurusha na kumjulisha mtumiaji kwa mlio.

Penye watumiaji wengi, ripita kadhaa huunganishwa na kuwa na msimamizi wa kielektroniki anayempa kila mwitaji nafasi yoyote iliyo wazi. Ni kama foleni moja ya benki inayohudumiwa na makarani wanne. Mdenmaki Agner Krarup Erlang aliandika hesabu za jambo hili mwaka wa 1909 kwa ajili ya simu: kwa kuwa si wote husema kwa pamoja, njia chache huwatosha wengi.

Siku ya dhiki

Lakini siku ya msiba wote husema kwa pamoja. Tena pasipo na ripita, hata redio ya bei ghali haifai. Tarehe 7 Julai, 2005, mabomu yalilipuka katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja jijini London, yakawaua watu 52. Redio za waokoaji wengi hazikufanya kazi kule chini, ikabidi watu wapande na kushuka mbio kupeleka habari. Baadaye mawasiliano ya dijitali ya polisi yalifikishwa humo.

Kwa hivyo, kama wewe ni mzazi katika kamati ya shule au mkazi wa jumba la ghorofa, waulize walinzi wenu mambo matatu. Je, redio zinasikika hadi orofa ya chini kabisa? Je, kuna kundi moja la dharura linalowaunganisha wote? Na umeme ukipotea, ripita ina betri? Majibu yatafutwe leo, kabla ya moshi kuonekana.