Samadi ya nguruwe: Denmaki imezidi, kwetu inapotea

Na Bwana Shamba

Wakulima wengi wa Bukoba na Muleba wanasema migomba yao imedhoofika. Mikungu ni midogo. Sababu ni nyingi. Kuna fukusi wa migomba. Kuna mnyauko, ugonjwa ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006. Lakini sababu moja kubwa ni udongo kuchoka.

Wazee wetu walijua dawa ya udongo uliochoka. Tazama rweya. Udongo wake ni maskini, huota nyasi tu. Kisha tazama kibanja kilicho kando ya rweya hiyo. Udongo wake ni mweusi na laini. Kibanja hakikuumbwa hivyo. Wazee walikitengeneza kwa samadi ya ng'ombe na kwa nyasi walizokata rweya.

Leo kaya nyingi hazina ng'ombe. Baadhi zimeanza kufuga nguruwe. Je, samadi ya nguruwe inatumikaje? Tuitazame kwanza nchi yenye nguruwe wengi sana.

Denmaki

Denmaki iko kaskazini mwa Ulaya. Ina watu karibu milioni 6. Nguruwe wake ni zaidi ya milioni 10. Sehemu ya chakula chao, hasa soya, huletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini. Kinyesi na mkojo huhifadhiwa pamoja katika matangi makubwa. Wakati wa kulima, matrekta huvipeleka shambani.

Lakini samadi ikizidi huleta madhara. Mimea haiwezi kuila yote. Inayobaki huchukuliwa na maji ya mvua hadi mitoni na baharini. Huko hustawisha mimea ya majini. Mimea hiyo ikioza, hewa ndani ya maji hupungua na samaki hufa. Sisi tuliopata taabu ya magugu maji katika Ziwa Viktoria tunaelewa jambo hili. Magugu hayo nayo hunenepa kwa rutuba inayoingia ziwani.

Mwaka 1987 Denmaki iliweka mpango wa kulinda maji yake. Mfugaji hutakiwa kuwa na mahali pa kuhifadhi samadi kwa miezi mingi. Haruhusiwi kuimwaga shambani majira ya baridi, wakati mimea haikui. Tena kuna kipimo cha samadi kwa kila hekta.

Kwetu

Kwetu mambo ni kinyume. Mfugaji ana nguruwe 2 au 3. Samadi yao haitoshi kibanja kizima. Hata hiyo kidogo tunaipoteza. Tunaitupa nje ya banda, ikapigwa na jua na mvua.

Mji wa Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka. Denmaki hupata kama milimita 700. Basi mvua yetu ni karibu mara 3 ya mvua yao, na samadi yetu iko wazi! Wao sheria inawakataza kuipoteza. Sisi hakuna anayetukataza, lakini hasara ni yetu. Rutuba inateremka bondeni, migomba inabaki na njaa.

Tufanye nini?

1. Jenga banda lenye paa. Usiwaache nguruwe wazurure. Wakila kinyesi cha watu hupata minyoo ya tegu. Wakizurura huweza pia kuambukizwa homa ya nguruwe, ambayo haina tiba.

2. Tandika nyasi kavu au maganda ya kahawa bandani. Matandiko hunyonya mkojo. Usiudharau mkojo, una chakula kingi cha mimea.

3. Toa matandiko machafu na uyarundike kivulini. Funika rundo kwa majani ya migomba, au lijengee kipaa.

4. Chomeka kijiti katikati ya rundo. Baada ya siku chache kichomoe. Kikiwa cha moto, samadi inaiva. Geuza rundo kila baada ya wiki 3 hivi.

5. Subiri miezi 3. Samadi mbichi huunguza mizizi, tena ina mayai ya minyoo. Usiiweke kamwe kwenye mboga.

6. Weka debe 1 au 2 kwa kila shina la mgomba kwa mwaka. Usiirundike kwenye shina. Izungushe hatua moja kutoka shinani, changanya na udongo, kisha funika kwa matandazo.

Mgomba hupenda sana potashi, na samadi ya nguruwe haina nyingi. Kwa hiyo ongeza majivu ya jikoni. Lakini usiyachanganye kwenye rundo, maana yatafukuza nguvu ya samadi hewani. Yanyunyize kibanjani siku nyingine.

Asiyefuga nguruwe, kwa dini yake au kwa sababu nyingine, afanye hivi hivi kwa samadi ya mbuzi au ng'ombe.

Samadi ikiwa kidogo, usiitawanye kibanja kizima. Anza na migomba iliyo dhaifu. Mwaka unaofuata endelea na mingine. Kwanza kabisa, kabla mvua haijaanza, lifunike rundo lako.